Amana Haiishi Mlangoni mwa Skuli

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetupa watoto wakawa pambo la nyumba zetu na mtihani wa dini yetu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye alikuwa akiifupisha Swala yake anaposikia mtoto analia nyuma ya safu, kwa kuuonea huruma moyo wa mama yake. Na ziwashukie jamaa zake na Sahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, katika darsa zetu za baada ya Magharibi tumeulizwa suala linaloonekana dogo, nalo ni zito: Mzee akishampeleka mwanawe skuli, akamnunulia nguo na vitabu, akatoa kila kinachotakiwa, je, amekwisha kutekeleza wajibu wake, au bado ana deni? Tukaona jawabu lake halifai kubakia baina ya watu wachache waliokaa msikitini, kwani jambo lenyewe lahusu kila nyumba katika miji yetu, tangu Lamu mpaka Vanga.

Jawabu kwa ufupi ni kwamba bado ana deni. Mtoto ni amana, na mwenye amana hiyo ni Mwenyezi Mungu. Wanavyuoni wetu katika mlango wa wadia wamesema kwamba aliyewekewa kitu hana ruhusa ya kumpa mtu mwingine akiweke bila ya udhuru wala idhini ya mwenyewe. Akifanya hivyo na kitu kikapotea, dhamana ni yake. Ama mtoto, tumepewa idhini ya kumtafutia mwalimu, bali tumeamrishwa. Lakini idhini ya kusaidiwa si idhini ya kujitoa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga, na katika hao akamtaja baba katika nyumba yake na mama katika nyumba ya mumewe. Hatukupata kusikia kwamba suala hilo husimama saa ya asubuhi, mtoto anapoingia skuli, likaanza tena jioni anaporejea.

Tazameni tunavyofanya katika mambo ya dunia. Mtu akiupeleka mkufu wa mkewe kwa sonara ukatengezwe, huupima kabla ya kuutoa mkononi, na siku ya kuuchukua huupima tena. Ukipungua hata chembe, hapana salamu baina yake na sonara yule. Lakini mtoto hutoka nyumbani alfajiri na kurejea jioni, wala hapana anayempima. Twamuuliza suala moja tu, nalo huja mwisho wa muhula: "Umepata ngapi?" Kwamba ametembea njia gani, amekula nini, amepigwa na nani, amefichwa nini, hayo hatuyaulizi.

Na siku ya mtoto wetu wa pwani ni ndefu kuliko ya wengi. Asubuhi yumo skuli ya serikali au ya watu binafsi. Alasiri yumo chuoni akisoma Qur'ani. Na baada ya hapo wengine hupelekwa masomo ya ziada. Katika siku moja amana hii hupita mikononi mwa dereva wa gari au wa bodaboda, mwalimu wa skuli, muuza vitafunio, askari wa mlangoni, maalim wa chuo, na wanafunzi walio wakubwa kuliko yeye. Kitu kinachopita mikono mingi ndicho kinachotaka kuulizwa zaidi. Basi na tulitazame jambo hili mlango kwa mlango.

MLANGO WA KWANZA: NJIA NA MAJENGO

Tarehe 3 Februari 2020, katika skuli moja ya msingi mjini Kakamega, wanafunzi walikuwa wakishuka ngazi wakati wa kwenda kwao. Wakasongamana, wakakanyagana, na wasiopungua 13 wakafa. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, huko Endarasha katika Kaunti ya Nyeri, moto ulishika bweni la wavulana wa skuli ya msingi, na watoto 21 wakapoteza maisha yao. Hao walikuwa watoto wa watu. Wazee wao waliwaaga kama sisi tunavyowaaga wetu.

Yakitokea mambo kama haya, aghlabu husikia mtu akisema, "Ni kadari ya Mungu," kisha mazungumzo yakaisha. Ndiyo, ni kadari, na kuiamini ni nguzo ya imani. Lakini Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake huru na amtegemee Mungu, alimwambia amfunge kisha ndipo ategemee. Na Sayyidna Umar (R.A.) aliporejea njiani asiingie Sham kwa sababu ya tauni, na akaulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, jawabu lake lilikuwa kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Basi mlango unaofunguka kwa nje, dirisha lisilotiwa vyuma katika bweni, na ngazi pana yenye kishikio, vyote hivyo ni kadari ya Mungu pia. Mwongozo wa usalama wa skuli uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 umeyataja mambo hayo. Haki yetu ni kuuliza kama yanafuatwa.

Wala tusizinyoshee kidole skuli za bara tukasahau vyuo vyetu. Vingi viko ghorofani, juu ya msikiti au juu ya maduka, na njia ya kushukia ni ngazi moja nyembamba, nayo imejaa viatu. Siku moto utakapotokea chini, watoto watashukia wapi? Na bodaboda anayewapakia watoto wanne, mmoja ameketi juu ya tangi la petroli, tumempa sisi wenyewe kazi hiyo ili tuokoe shilingi chache.

MLANGO WA PILI: TUMBO, MAJI NA MWILI

Mtoto aliyetoka nyumbani bila kula huketi darasani akiwa hasikii. Mwalimu hudhani ni mjinga. Mtoto asiyeona vizuri hunakili makosa kutoka ubaoni. Mwalimu hudhani ni mzembe. Mtoto mwenye minyoo tumboni hunyonywa damu yake, akawa dhaifu na mwenye kusinzia. Mwalimu hudhani ni mvivu. Na katika sehemu za pwani, khasa Kwale, wako watoto wanaokojoa damu kwa sababu ya kichocho walichokipata kwa kuoga katika mabwawa na mito, na wengine hudhani ndivyo maumbile yalivyo, wasimwambie mtu.

Maradhi haya yana dawa. Serikali hutoa dawa za minyoo katika skuli za msingi, na vidonge hivyo watoto humeza bila taabu. Lakini wako wazee ambao, wakisikia siku ya dawa imefika, humzuia mtoto nyumbani kwa uvumi walioupata barabarani. Mtume (S.A.W.) ameamrisha tujitibu. Mwenye shaka na amwendee daktari, asimwendee mwenye uvumi.

Na maji! Katika miji yetu visima na mashimo ya vyoo vimekaribiana, na maji ya mikokoteni hatujui yametekwa wapi. Dini yetu ndiyo dini ya tohara; mlango wa kwanza katika vitabu vya fiqhi tunavyosomesha ni mlango wa maji. Basi ni aibu ilioje skuli na vyuo vya Waislamu kukosa maji ya kutawadhia na sabuni ya kunawia mikono! Tunakusanya fedha kupaka rangi minara, na choo cha watoto kilicho chini ya mnara huo kimeziba tangu mwezi uliopita. Msichana aliyekwisha baleghe hukaa nyumbani siku kadhaa kila mwezi kwa kuwa choo cha skuli hakina mlango unaofungika. Masomo anayoyakosa siku hizo ni katika hisabu yetu sisi.

MLANGO WA TATU: FIMBO

Hapa ndipo penye ugomvi, na hapa hatutafichana. Uko msemo ambao baadhi ya wazee humwambia mwalimu wanapomkabidhi mtoto: "Nyama yako, mifupa yangu." Hudhani kwamba huko ni kumheshimu mwalimu. Lakini nyama hiyo si yao hata waigawe.

Wanaoitetea fimbo hushika hadithi inayoamrisha watoto waamrishwe Swala wakiwa wa miaka saba, na wapigwe kwa kuiacha wakiwa wa miaka kumi. Hadithi twaikubali, lakini na isomwe yote. Kwanza, ni juu ya Swala, nguzo ya dini. Si juu ya hisabu iliyokosewa wala kalamu iliyosahauliwa nyumbani. Pili, baina ya miaka saba na kumi pana miaka mitatu. Swala ni tano kila siku, na mwaka wetu ni wa siku 354. Hisabu yake ni zaidi ya mara elfu tano mtoto ameitwa kwa ulimi mwema kabla ya mkono kuinuliwa. Nani katika hao wanaoshika fimbo amemwelekeza mtoto mara elfu tano? Wengi hawakumwelekeza hata mara tano. Na tatu, wanavyuoni wameshurutisha kipigo hicho kisiumize, kisiwe usoni, wala kisiwe cha hasira.

Kisha tumtazame aliyeisema hadithi hiyo. Anas bin Malik (R.A.) alipelekwa kumtumikia Mtume akiwa mtoto wa miaka kumi, akakaa naye miaka kumi. Amesimulia kwamba katika muda wote huo hakupata kuambiwa hata neno la kuchoshwa naye. Na Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume hakumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Huyu ndiye mwalimu wetu. Mwenye kudai kwamba mtoto hafundishiki bila ya fimbo na atueleze Anas alifundishikaje.

Na katika madhehebu yetu ya Kishafii jambo hili limeandikwa waziwazi. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika misikiti yetu, ameeleza kwamba adabu anayoitoa baba, au mume, au mwalimu, ina dhamana: ikileta madhara, aliyepiga atawajibika. Yaani ruhusa ile imefungwa kwa sharti ya salama. Ibn Sahnun wa Qayrawan, aliyefariki mwaka 256 wa Hijra, ameandika kitabu kizima juu ya adabu za walimu, na ndani yake amewawekea walimu mipaka ya kupiga, na amechukia mwalimu kuwatumia watoto katika kazi zake za nyumbani. Na Ibn Khaldun katika Muqaddima yake, aliyoiandika mwaka 1377 wa miladi, ameeleza kwamba mtoto anayelelewa kwa ukali hunyauka nafsi yake, akafundishika uongo na hila kwa kuuogopa mkono ulio juu yake, mpaka uongo ule ukawa tabia yake. Basi tusishangae tukiwaona vijana wetu wanasema uongo bila kupepesa macho. Tuliwasomesha wenyewe.

Wapo watakaosema, "Sisi tulipigwa, na tukasoma." Tunawajibu: nyinyi mliosoma ndio mlioko barazani mkazungumza. Wale waliotoroka chuo kwa sababu ya fimbo hawako hapa tukawauliza. Ukitaka hisabu kamili, kawatafute nao, uwaulize walikhitimu juzuu ngapi, na mara ya mwisho kuufungua Msahafu ilikuwa lini. Chuo cha Qur'ani ndicho kinachostahiki huruma zaidi kuliko skuli nyingine, kwani anayemfanya mtoto aichukie hisabu amempotezea hisabu tu, bali anayemfanya aichukie Qur'ani amempotezea nini?

Juu ya hayo yote, sheria ya nchi imekwisha kulikata jambo hili. Serikali ya Kenya iliiondoa fimbo katika kanuni za skuli mwaka 2001. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya kulindwa na ukatili. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, imekataza kumwadhibu mwanafunzi kwa kumpiga au kumtesa moyo, na adhabu ya mwenye kuvunja ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Mwalimu alipoajiriwa aliikubali mikataba hiyo, na Mwenyezi Mungu mwanzoni mwa Suratul Maida amewaamrisha walioamini watimize mikataba yao. Basi anayepiga leo amevunja sheria ya nchi na ahadi yake pia.

Lakini hatusemi mtoto aachwe bila adabu. Adabu ni haki yake. Tunasema adabu ina njia nyingi: kumsemesha faragha, kumkalisha karibu na mwalimu, kumzuilia mchezo wa siku moja, kumwita mzazi wake, na kumsifu anapofanya vyema. Imamu Ghazali katika Ihya ametahadharisha juu ya kumlaumu mtoto kila saa, kwani lawama ikizidi huizoea, maneno yakawa hayamwingii tena. Na amehimiza aachiwe kucheza baada ya kutoka chuoni, kwani kumnyima mchezo kunaua moyo wake. Amefariki mwaka 505 wa Hijra. Sisi bado hatujamfikia.

Wala hatuwasahau walimu kwa insafu. Tangu skuli za msingi zilipofanywa za bure mwaka 2003, madarasa yamejaa, na mwalimu mmoja huweza kuwa na watoto ambao hata majina yao hajamaliza kuyajua. Na maalim wa chuo ujira wake ni mdogo, tena huchelewa, na pengine haumfikii. Fimbo nyingi ni fimbo za uchovu. Anayetaka mwalimu mpole na amlipe mwalimu haki yake.

MLANGO WA NNE: SIRI

Mlango huu ni mchungu kuufungua, lakini kuufunga ndiko kulikotuponza. Wako watoto, wasichana na wavulana pia, wanaochezewa miili yao na kunajisiwa na watu waliokabidhiwa: mwalimu, dereva, jamaa wa nyumbani, mwanafunzi mkubwa. Na jambo linalowapa nguvu watu hao ni kimya chetu, nacho tumekipa jina zuri: sitara.

Tuulizane, sitara ya nani? Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) ya kumsitiri Mwislamu ni haki. Lakini Imamu Nawawi, katika kuisherehesha hadithi hiyo, ameeleza kwamba sitara ni ya mtu mwenye heshima yake aliyeteleza, asiyejulikana kwa uharibifu. Ama mwenye kujulikana kwa udhia na ufisadi, huyo hasitiriwi, bali hupelekwa kwa mwenye mamlaka, kwani kumsitiri ni kumpa njia ya kuwadhuru wengine. Basi mtu akimdhulumu mtoto, nasi tukamfichia, tumemvisha dhalimu nguo na tumemwacha mtoto uchi.

Na mbaya kuliko kimya ni zile sulhu za barazani. Wazee hukaa, fedha hutolewa, Fatiha husomwa, na mtuhumiwa huhamia mji mwingine akasomeshe huko. Pengine hata msichana mwenyewe huozwa mtu yule yule aliyemdhulumu! Mtume (S.A.W.) ameifundisha umma wake kwamba sulhu baina ya Waislamu inajuzu illa ile inayohalalisha haramu. Na haki hii ni ya mtoto. Baba yake hana ruhusa ya kuiuza. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 nayo haiutambui upatanishi huo: mwenye umri chini ya miaka 18 ni mtoto. Na Tume ya Kuajiri Walimu, kwa waraka wake nambari 3 wa mwaka 2010, imewalazimisha walimu kutoa khabari wanapojua mwanafunzi ametendewa hivyo.

Mtu ataogopa, akasema, "Je, kama ni uongo? Kumsingizia mtu uchafu ni katika madhambi makubwa." Khofu hiyo ni njema, na hukumu yake iko wazi. Kutangaza jina la mtu barazani au kulitawanya katika simu ni haramu, na humdhuru mtoto pia. Lakini kupeleka mashtaka ya mtoto kwa daktari na kwa polisi, ambao kazi yao ni kuchunguza, siko kusingizia. Aliyedhulumiwa ana haki ya kunena, na asiyeweza kunena, walii wake humnenea.

Mama zetu na dada zetu, yashikeni haya, kwani nyinyi ndio wa kwanza kuona. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akaanza tena, anayekataa ghafla kwenda skuli au chuoni, anayeshtuka likitajwa jina la mtu fulani, anayeumwa akikaa, anayekuja na pesa au zawadi zisizojulikana zimetoka wapi, huyo na aulizwe kwa upole, faragha, bila ya kupigwa wala kutishwa. Akisema, aaminiwe kwanza, na aambiwe kwamba kosa si lake. Na ikidhihiri ametendewa uovu, msimwogeshe. Twajua moyo wa mama Mwislamu hukimbilia maji, lakini ushahidi huondoka na maji hayo. Nguo zake ziwekwe ndani ya karatasi, zisifuliwe. Na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani dawa ya kumkinga na virusi vya ukimwi haifai ikipita saa 72, na kila saa inayopita huipunguzia nguvu. Hospitali Kuu ya Pwani, hapa Mombasa, ina kituo maalumu cha kuwahudumia waliotendewa haya. Na iko simu ya watoto, nambari 116, isiyolipiwa, ambayo mtu mzima aweza kuipiga na mtoto pia.

Kabla ya hayo yote, mfundisheni mtoto maneno machache tangu akiwa mdogo: kwamba mwili wake una heshima aliyopewa na Mungu, kwamba mtu mzima akimwambia, "Usimwambie mamako," basi hilo ndilo la kumwambia mamake, na kwamba hatapigwa kwa kusema kweli. Hili la mwisho ndilo gumu, kwani latutaka tulitimize. Mtoto anayepigwa kwa kila analolisema hujifunza kunyamaza, na akishajifunza kutunyamazia sisi, huwanyamazia wote.

YALIYO JUU YETU

Basi suala tulilolianza limepata jawabu. Deni haliishi, ila hulipwa kidogo kidogo kila siku. Juu ya mzazi, kila jioni, baba na mama kwa zamu, kukaa na mtoto kitambo kabla ya kulala na kumuuliza: umepita njia gani, umekula nini, nani amekufurahisha, nani amekuumiza, na iko siri uliyoambiwa uifiche? Kisha kunyamaza na kusikiliza. Asikose kuhudhuria mkutano wa skuli, wala asimwachie mkewe peke yake. Wako wanaume wasiokosa hata karata moja barazani, na mlango wa skuli ya wana wao hawaujui uko upande gani.

Juu ya mwalimu ni kukumbuka kwamba ujira wake mkubwa uko kwa Mola wake, na kwamba machozi ya mtoto nayo yana hisabu.

Na juu ya kamati za misikiti na vyuo ni mambo yaliyo katika uwezo wao leo: maalim asiajiriwe mpaka iulizwe alikotoka na kwa nini ametoka, asikae faragha na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa, asimpeleke mtoto nyumbani kwake kwa kazi zake, fimbo itolewe chuoni, njia ya pili ya kutokea ipatikane, viatu viondolewe ngazini, maji, sabuni na choo kinachofungika visikosekane, na awepo mtu mmoja mwaminifu, na mwanamke mmoja kwa ajili ya wasichana, ambao kila mtoto anajua kwamba ana ruhusa ya kuwaendea. Haya hayangoji mfadhili kutoka ng'ambo. Fedha ya taa za rangi za usiku mmoja yatosha kuanzia.

Ee Mola wetu, Wewe ndiwe Mhifadhi bora, na Wewe ndiwe Mwenye kurehemu kuliko wote wenye kurehemu. Wahifadhi wana wetu njiani na madarasani, usiku na mchana, miili yao na nyoyo zao. Uwatie huruma walimu wao, na utupe sisi masikio ya kuwasikiliza. Na Siku utakapotuuliza juu ya amana yako, utujaalie tuwe katika walioichunga. Amin, ya Rabbal-alamin.